Kufunga na Kutawakali: Mas-ala ya Baiskeli na Kufuli Yake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyewapa waja mali ikawa amana mikononi mwao, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Yako mambo ambayo watu huyaona madogo hata wakastahi kuyauliza mbele ya wanavyuoni, ilhali ndani yake mna mas-ala makubwa ya dini. Katika hayo ni jambo la mtu afikaye msikitini au sokoni juu ya baiskeli yake, akateremka, akasita kidogo: aifunge au aiache? Mmoja husema, "Nimemwachia Mungu," akaingia. Wa pili hufunga minyororo miwili, kisha huingia kusali na moyo wake ukabaki nje mlangoni. Wa tatu hufunga, akasema Bismillahi, akaingia hali ametulia. Risala hii yataka kubainisha ni yupi katika hawa watatu aliyeshika njia iliyonyoka, na kwa hoja gani.

Baiskeli na wenyewe

Mtu wa pwani aliyezoea Mombasa, Unguja au Dar es Salaam huenda akaiona baiskeli kuwa ni chombo cha vijana na cha wapeleka mikate. Lakini na asafiri bara hata ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Nyanza, katika mkoa wa Kagera, afike wilaya ya Biharamulo, ambako iko kata iitwayo Nyantakara. Pande hizo si ngeni katika habari za pwani. Zamani misafara ya biashara ikitoka Tabora kwenda Karagwe ikipita nchi ya Usui, ambayo ndiyo pande hizo hizo. Na wasafiri Speke na Grant waliifuata njia hiyo mwaka 1861. Siku zile kila mzigo ukichukuliwa kichwani au begani. Leo mizigo mingi ya mtu mnyonge huchukuliwa na baiskeli: mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi, madumu ya maji, mkaa, na mgonjwa apelekwaye zahanati amekaa juu ya keria. Mwenye baiskeli huko hana kitu cha mchezo. Ana punda wake, na jahazi lake, na mabega yake ya pili. Akiibiwa, hakupotelewa na chuma. Amepotelewa na riziki ya watoto wake.

Tena katika vijiji ambavyo watu wote wajuana, baiskeli hujulikana kama ajulikanavyo mwenyewe: kwa mlio wa kengele yake, na kwa kiraka cha kiti chake. Huegemezwa mgombani na mwenyewe akaingia shambani, wala haguswi moyo na khofu. Si kwamba haina mlinzi; walinzi wake ni macho ya jirani. Lakini katika wilaya hiyo hiyo ya Biharamulo iko njia panda ya Nyakanazi, ambapo hukutana barabara ya Kahama, na ya Kigoma, na ile iendeayo mpaka wa Rusumo. Na hapo malori ya wageni hupita usiku na mchana. Aliyekuwa mkweli wa nia huko kijijini, akiegemeza baiskeli yake hapo kama alivyozoea, au akenda nayo Mwanza au Kariakoo, hurudi akakuta alama ya magurudumu mchangani na baiskeli haipo. Hapo ndipo zizukapo shubha mbili, na kila moja yataka jawabu.

Shubha ya kwanza: kwamba kufunga kwapunguza kutawakali

Husema msemaji: Hifadhi i mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Kilichoandikwa kupotea kitapotea hata kikifungwa kwa minyororo saba, na kilichoandikwa kubaki kitabaki hata kikiachwa njiani. Basi kufuli ni ya nini, kama si udhaifu wa imani?

Maneno haya nusu yake ni kweli na nusu yake ni ghururi. Ni kweli kuwa haliwi ila alilolikadiria Mungu. Lakini aliyekadiria kupotea na kubaki ndiye aliyekadiria na sababu zake. Ndiye aliyeumba njaa akaumba na chakula, wala hapana mwenye akili aachaye kula akasema shibe imekwisha andikwa. Na mwenye hoja hii mwenyewe hafanyi hivyo katika mambo yake mengine. Hulima kabla ya kuvuna, hutia nanga kabla ya kulala chomboni, na usiku hutia komeo mlangoni mwake. Ila afikapo kwenye baiskeli ndipo akumbukapo kutawakali. Na huenda hilo si kutawakali, bali ni uvivu wa kuinama.

Hadithi aliyoipokea Tirmidhi kwa Anas bin Malik yakata mzizi wa fitina. Mtu mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya ngamia wake: amfunge kisha atawakali, au amwache huru na atawakali? Akaamrishwa amfunge na atawakali. Na itazamwe safu ya amri hiyo: kufunga kumetangulia, kutawakali kumefuata, wala kimoja hakikuondoa chenziwe. Aliyefunga asitawakali ameiamini kamba. Aliyetawakali asifunge ameiacha amri.

Na katika Sura ya Yusuf imo habari ya Nabii Yaakub alipowaagiza wanawe wasiingie mjini kwa mlango mmoja, bali waingie kwa milango mbalimbali. Na papo hapo akawaambia kuwa hawezi kuwaokoa na chochote atakacho Mungu, na kuwa Kwake tu ametawakali. Alitoa shauri la tahadhari na ungamo la unyonge katika pumzi moja. Naye Mtume wetu (s.a.w.), ambaye hapana aliyetawakali kuliko yeye, alipohama Makka alijificha katika pango la Thaur siku tatu, na akamkodi kiongozi ajuaye njia, na siku ya Uhud alivaa deraya mbili. Lau tahadhari ingalikuwa ni upungufu wa imani, wa kwanza kuiacha angalikuwa yeye.

Na katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwa Ibn Abbas habari ya watu wa Yemen waliokuwa wakenda kuhiji bila ya masurufu, wakidai kuwa wao ndio wenye kutawakali. Kisha wafikapo Makka wakiwaomba watu. Ndipo iliposhuka aya ya kuamrisha kuchukua masurufu. Habari hii yamgusa sana mwenye kuacha baiskeli wazi kwa jina la Mungu. Ikiibwa, kesho ataazima ya jirani, na kesho kutwa ataomba mchango msikitini; basi mzigo wa kutawakali kwake umeangukia migongo ya wenziwe.

Shubha ya pili: kwamba kufunga ni kuwadhania watu vibaya

Wako wengine wasemao: Mahali hapa ni mbele ya msikiti, na waliomo ni Waislamu. Kufunga mnyororo mbele yao ni kuwaambia kuwa wao ni wevi, na Mwenyezi Mungu amekataza dhana mbaya.

Hoja hii ina sura nzuri, kwa kuwa mwenyewe aona haya kumvunjia mtu heshima; na haya ni katika imani. Lakini kufuli haimtaji mtu. Milango ya nakshi ya Unguja na Lamu ina minyororo yake ya chuma na kufuli zake, na waliokaa nyuma ya milango hiyo ni wacha Mungu na masharifu. Wala haikusikiwa kuwa jirani aligombana na jirani kwa kuwa alifunga mlango. Dhana mbaya iliyokatazwa ni kumtuhumu fulani bila ya dalili. Ama kujua kuwa katika watu wako wema na wako waovu, huko si kuwadhania. Ni kuwajua wanaadamu kama walivyoumbwa.

Bali yataka kusemwa zaidi ya haya: kufuli ndiyo iondoayo dhana mbaya. Baiskeli iliyoachwa wazi ikitoweka, moyo wa mwenyewe hauna pa kupumzika. Humkumbuka kijana aliyekuwa amekaa barazani, na mgeni aliyetoka msikitini mapema, na fundi aliyeisifu jana; na katika hao wote huenda hapana hata mmoja aliyeigusa. Atakaposali tena safu moja nao, atawatazama kwa jicho jingine. Basi kwa uvivu wa dakika moja amepoteza baiskeli, na kwa kupotea baiskeli amewapoteza ndugu watatu. Lau angalifunga, angalilinda chuma chake na heshima yao pamoja.

Na liko la tatu, nalo ndilo kubwa. Katika watu yuko ambaye hakutoka nyumbani hali amekusudia kuiba. Ni mnyonge, mfuko wake mtupu, na siku hiyo shetani amemkalia karibu. Akipita akakuta baiskeli imeegemezwa wala hapana mnyororo wala mtu, hushindana na nafsi yake. Huenda akashinda, na huenda akashindwa. Aliyeiacha wazi amemwekea ndugu yake mtihani ambao hakuuhitaji. Dhambi ya wizi ni ya mwivi, haipungui hata chembe. Lakini mwenye kufunga amemsitiri mnyonge huyo na nafsi yake, akapita njia yake salama wala asijue kuwa ameokolewa. Kufuli basi, kabla ya kuwa ni ngao ya mali, ni rehema kwa jirani.

Maana ya hirzi

Wanavyuoni wa madh-hebu ya Imamu Shafii hawakutosheka kusema kuwa mali na ihifadhiwe. Waliuliza: kuhifadhiwa ni kupi? Nalo neno lao ni hirzi, yaani mahali au hali ambayo kwa desturi kitu kama kile huhifadhiwa. Na waliposema katika mlango wa wizi kuwa hadi haimpasi mwivi ila kitu kiwe kimefika thamani ya robo ya dinari, nayo ni kama gramu 1 ya dhahabu, na kiwe kimetolewa katika hirzi yake, walifunua jambo la mazingatio. Sheria, kabla ya kumhukumu mwivi kwa adhabu ile kuu, humwelekea mwenye mali ikamwuliza: wewe ulikihifadhi vipi? Aliyechukua kitu kilichoachwa ovyo ana dhambi, na yampasa akirudishe au alipe, na kadhi aweza kumtia adabu. Lakini hadi yenyewe huondoka. Uzembe wa mwenye mali, basi, una uzito katika mizani ya Sheria.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), hakuiona baiskeli. Baiskeli ya mtindo huu wa magurudumu mawili yaliyo sawa ilitengenezwa na John Kemp Starley katika mji wa Coventry, Uingereza, mwaka 1885. Lakini Minhaji yake, kitabu kilichosomeshwa vizazi na vizazi katika madarasa ya pwani, imeweka mlango ambao baiskeli yaingia bila ya kuinama. Humo mna kuwa zizi ni hirzi ya wanyama, wala si hirzi ya vyombo na nguo. Na kiwanja cha nyumba ni hirzi ya vyombo na nguo za kila siku, wala si hirzi ya mapambo na fedha. Kila kitu kina hirzi yake, na kipimo chake ni ada ya watu. Hili latokana na kaida kubwa ya fikihi, kwamba ada ni yenye kuhukumu. Na ada hubadilika kwa nchi na kwa zama.

Kwa kipimo hiki mtu wa Nyantakara aliyeegemeza baiskeli yake kiwanjani mwake, katikati ya jirani wamjuao, hakuzembea. Na mtu yule yule aliyeiegemeza vivyo hivyo penye stendi ya magari, au Darajani Unguja, au Mwembe Tayari Mombasa, amezembea. Kwani hapo macho ni mengi lakini hapana hata moja limjualo. Penye wengi pana mengi. Kitendo ni kimoja na mkono ni mmoja, lakini hukumu ni mbili.

Na walipotaja hirzi ya kulindwa na mtu, wamesharutisha mlinzi awe aweza kumzuia mwivi kwa nguvu zake au kwa kupiga ukelele watu wakaja. Basi mtoto wa miaka sita aliyepewa sarafu akaambiwa, "Niangalilie baiskeli," mahali pasipo na mtu wa kumwitikia, huyo si hirzi. Na mwenye kuikabidhi kwake hakumdhulumu nafsi yake tu, amemdhulumu na mtoto, atakayetiwa lawama asizoziweza.

Namna ya kufunga

Ada ikiwa ndiyo kipimo, yapasa kujua leo baiskeli hufungwa vipi, kwani hirzi si jina la kufuli, ni kazi yake. Baiskeli nyingi za pande zetu, Phoenix za Uchina na Hero na Avon za Bara Hindi, huwa na kufuli ndogo ya duara juu ya gurudumu la nyuma, chini ya kiti. Kufuli hiyo huzuia gurudumu lisizunguke, lakini haizuii baiskeli isiinuliwe. Watu wawili wenye gari huipakia kama kifurushi. Yafaa kwa aliyesimama dukani, na baiskeli i mbele ya macho yake. Haimtoshi aingiaye kusali au kulala.

Anayeiacha mbali na macho yake na aifunge kwenye kitu kilichokita ardhini: nguzo ya chuma, au mti mzima, au nondo za dirisha. Na akitazame kitu hicho juu na chini kabla ya kukiamini, kwani nguzo fupi isiyo na kitu kichwani hupitishwa mnyororo juu yake, na baiskeli ikenda na mnyororo wake. Mnyororo na upite katika fremu na gurudumu la nyuma pamoja. Aliyefunga gurudumu la mbele peke yake hurudi akalikuta gurudumu limebaki mtini, kwa kuwa nati mbili tu zilifunguliwa. Mnyororo na ukazwe wala usilegezwe hata ukagusa chini, maana kufuli iliyolala juu ya jiwe hupigwa kwa jiwe jingine ikavunjika. Na tundu la ufunguo na lielekee chini, iwe taabu kwa mkono wa mwivi. Pampu, taa na mfuko na vichukuliwe. Na usiku pahala pake ni ndani ya nyumba, si uani.

Mahali nako ni nusu ya kufuli. Mwivi huogopa vitu vitatu: nuru, watu, na kukawia. Baiskeli iliyofungwa nyuma ya ukuta, mahali pa kiza, imempa saa nzima ya kufanya kazi yake. Iliyofungwa mbele ya duka lililo wazi, hata kwa mnyororo wa wastani, humfanya ahesabu dakika. Wala asitegemee waya mwembamba uliovishwa mpira, kwani huo hukatwa kwa mkasi wa chuma katika muda wa kuvuta pumzi.

Wala mtu asije akadhani kuwa akishanunua kufuli ya thamani amekwisha kusalimika. Huko Marekani kampuni ya Kryptonite ilisifika kwa kufuli za chuma kinene kilichopindwa mfano wa herufi U. Mwaka 2004 ikadhihirika kuwa baadhi ya kufuli hizo, zenye tundu la ufunguo la duara, hufunguka kwa ganda la plastiki la kalamu ya Bic; na kampuni ikalazimika kuwabadilishia wanunuzi wake. Na leo zipo mashine ndogo za betri ambazo hukata chuma kigumu kwa muda mchache. Habari hizi hazimpi hoja aliyeacha kufunga. Zampa adabu aliyefunga. Kufuli hukomea mahali, na hapo ikomeapo ndipo kutawakali kuanzapo.

Kitu cha watu

Haya yote ni katika mali ya mtu mwenyewe. Ama baiskeli ya watu, jambo lazidi uzito. Mwenye kuazimwa kitu, katika madh-hebu ya Shafii, ni mdhamini wake: kikipotea hulipa, hata kama hakuzembea, madamu hakikuharibika kwa matumizi aliyoruhusiwa. Asili yake ni deraya ambazo Mtume (s.a.w.) aliziazima kwa Safwan bin Umayya wakati wa vita vya Hunayn, mwaka wa 8 wa Hijra, akamhakikishia kuwa ni azima yenye kudhaminiwa. Mtume wa Mungu alidhamini. Basi atakuwaje mtu wa leo aliyeazima baiskeli ya jirani kwenda mnadani, akaiacha wazi, ikaibwa, kisha akaja na maneno ya kadari? Kadari haimlipii mwenye baiskeli. Kabla ya kusema "Mungu amependa," na alipe.

Ama aliyewekewa amana, na aliyekodi kwa ujira, hao hawadhamini ila wakizembea. Lakini kuiacha baiskeli ya amana pasipokuwa hirzi ya kitu kama ile, huko ndiko kuzembea kwenyewe. Kwa hivyo kijana akodiye baiskeli ya mtu kwa siku, achukue abiria na mizigo, na ajue kuwa mnyororo ule si wa mwenye baiskeli tu. Ni mpaka baina yake na deni.

Ikishaibwa

Safwan huyo huyo ana habari nyingine, waliyoipokea Malik na Abu Daud na Nasai. Alilala msikitini hali ameilalia nguo yake kichwani. Mwivi akaja akaitoa chini ya kichwa chake. Akashikwa, akapelekwa kwa Mtume (s.a.w.), ikathubutu, ikaamriwa akatwe mkono. Hapo Safwan akaingiwa na huruma, akasema kuwa hakuyataka hayo, na kuwa nguo amempa sadaka. Mtume akamwuliza kwa nini hakufanya hivyo kabla ya kumleta kwake.

Katika habari hii mna mafunzo mawili. La kwanza, kuwa Safwan aliilinda nguo yake kwa kichwa chake, na hirzi yake ikahesabiwa, ijapokuwa alikuwa msikitini penye watu wema. La pili, kuwa mlango wa huruma u wazi kabla ya jambo kufika kwa hakimu. Na baada ya kufika, hukumu ni ya hakimu. Katika yote mawili hapana nafasi ya ghasia za watu njiani.

Na hili lasemwa kwa sababu ya balaa iliyoenea katika miji na vijiji vyetu. Baiskeli hupotea, mtu hupiga ukelele "Mwivi!", na kabla ya kuulizwa swali moja, kijana aliyekuwa akikimbia hupigwa kwa mawe na magongo, na huenda akatiwa moto. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu cha Tanzania kimeyaandika mauaji ya namna hii katika taarifa zake miaka kwa miaka. Katika Tanzania wizi ni kosa linalohukumiwa na mahakama, na kifungu cha 265 cha sheria ya adhabu chatoa kifungo kisichozidi miaka 7. Hata katika Sheria ya Kiislamu, mwivi aliyethubutu wizi wake, na hirzi ikathubutu, na kiasi kikathubutu, hauawi. Basi ni kwa kitabu gani auawe aliyetuhumiwa tu? Hadi huepushwa kwa shubha. Na shubha ipi kubwa kuliko ukelele wa mtu aliyepaniki, usiku, asiyeona uso? Aliyepiga ukelele kwa ajili ya chuma chenye magurudumu mawili, na roho ikatoka, atasimama na roho hiyo Siku ya Kiyama. Na waliorusha mawe watasimama pamoja naye.

Mwenye kuibiwa na ende kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na kituo cha polisi, akachukue na stakabadhi yake ya kununulia na namba iliyopigwa chapa katika fremu. Namba hiyo yafaa iandikwe siku ya kununua, siyo siku ya kulia. Majuto ni mjukuu. Na wanunuzi wajue kuwa mwivi haishi kwa kuiba, huishi kwa kuuza. Anayenunua baiskeli kwa robo ya bei, usiku, namba yake imekwanguliwa, na muuzaji ana haraka, hana haja ya kuuliza fat-wa. Moyo wake umekwisha mjibu. Na ikidhihiri mwenyewe, baiskeli ni ya mwenyewe, na fedha zake akazidai kwa aliyemwuzia, kama atamwona.

Khatima

Na turejewe watu wale watatu mlangoni mwa msikiti. Wa kwanza, aliyeacha wazi, ametaka tunda la kutawakali bila ya kupanda mti wake. Wa pili, aliyefunga kisha asali na masikio yake yasikiliza mnyororo, ameilinda baiskeli ikamwiba yeye. Gurudumu liko nje, na moyo wake ukizunguka nalo. Khofu ya mali imetajwa na wanavyuoni katika nyudhuru za kuacha jamaa, kwa kuwa Sheria yajua kuwa moyo wenye khofu hausali. Lakini aliyekwisha kufunga kama ipasavyo, udhuru wake umeondoka, na asali. Wa tatu amefanya la mkono kwa mkono na la moyo kwa moyo. Akitoka akaikuta, humshukuru Mungu, si kufuli. Akitoka asiikute, atahuzunika, kwani ni mwanaadamu na watoto wangojea. Lakini hatajilaumu, wala hatamtuhumu asiyemjua, wala hatapiga ukelele wa kuua mtu.

Na limebaki neno moja kwa wenye nafasi. Kufuli humzuia mwivi, haimlishi mwenye njaa. Sayyidna Umar katika mwaka wa njaa, mwaka wa 18 wa Hijra, alisimamisha hadi ya wizi, kwa kuwa alijua nini hutenda tumbo tupu. Basi mwenye duka afungaye milango mitatu kila jioni, na zaka yake haijatoka, kazi yake ya ulinzi ameifanya nusu. Na afunge mlango wake, kwani kufunga ni amri. Kisha na afungue mkono wake, kwani kufungua nako ni amri. Mji ambao wenyewe hufunga vyao na hutoa haki za wanyonge, ndio mji ambao kufuli zake hudumu.

Mwenyezi Mungu azihifadhi mali za Waislamu na heshima zao, na azihifadhi nafsi za wanyonge na ushawishi wa shetani, na atujaalie kuwa katika wenye kufunga na kutawakali. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.